Tanzia niliyomwandikia baba, mama akaikataa

Voisi yenyewe ni ya sekunde 19. Nimeisikiliza mpaka nimeihifadhi kama sura fupi za juzuu ya mwisho. Inaanza na kuku, halafu mlango wa bati unajigonga, halafu mama anasema: "Huyo mliyemwandika kwenye simu mie simjui. Mumeangu yuko wapi?"

Inakatika hapo.

Ilikuwa siku ya tano tokea tumzike baba. Mimi nishavuka kutoka kwetu Pemba kurudi Unguja, niko ndani ya daladala pale Darajani linasubiri kujaa, simu sikioni, konda ananidai nauli na mimi namwangalia tu kama mtu asiyejua Kiswahili.

Nilidhani litapita. Nikasema ni huzuni, mtu yumo edani, mjukuu kamsomea kitu kwa ile sauti ya kusomea darasani, kaudhika. Lakini wiki ikapita, na ya pili ikapita, kila nikifungua daftari la dukani kuandika mzigo ulioingia nalisikia lile suali. Mumeangu yuko wapi.

Kwa hio naandika, labda litanitoka.

## Nilichokiandika

Tanzia niliandika mimi kwa sababu kwetu mimi ndo ninaeandika. Kila familia anae mmoja, yule anaeandika kadi za harusi na barua za kwa sheha. Baba kafariki usiku, na sisi mtu akifa usiku adhuhuri keshalala kaburini, hakuna muda wa kufikiri. Nilikaa nyuma ya nyumba juu ya ndoo iliyopinduliwa, ndani wanamuosha, naandika kwa kidole gumba na machozi yanadondokea kwenye skrini mpaka herufi zinajiandika wenyewe.

"Innalillahi wainna ilayhi raajiun. Shujaa wa vita vya Kagera ametutoka."

Ndo ilivyoanza. Nikaendelea. Nikatia nduli Idi Amin wa Uganda alivyovamia mwishoni mwa Oktoba 1978, nikatia ile hotuba ya Mwalimu Nyerere ya Novemba 2 ya uwezo, sababu na nia, nikatia Masaka, nikatia Kampala ilivyoanguka Aprili 11, 1979. Baadae nilikuja kuhesabu. Sentensi 14, na 11 ni za vita. Ya mwisho inasema ameacha mjane, watoto sita na wajukuu 19.

Mjane. Miaka 48 ya ndoa, mama yangu nimempa neno moja.

Ujumbe ule ulitembea. Ulitoka grupu la familia ukaenda la kijiji, ukaenda la tuliosoma pamoja, watu wa Muscat wakanirudishia wenyewe kama mimi siujui. Vidole vya saluti, bendera, "Mungu amlaze pema shujaa wetu." Na nikiri kitu hapa maana ndo sababu ya kuandika: nilifurahi. Udongo wa kaburi la baba haujakauka na mimi nahesabu nani kashea.

## Siku ya sitini

Nikapanda boti usiku. Mkoani, gari mpaka Chake, daladala ya 606 mpaka Wete, halafu kile kipande cha kwendea Konde mpaka kwetu. Sikumwambia mtu naenda kufanya nini, mke wangu nilimwambia naenda kuangalia karafuu.

Mama alikuwa chumbani kwake, kanga zilizopauka, mikono haina hina, tasbihi mapajani. Eda ni miezi minne na siku kumi na alikuwa hajafika nusu. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimkuta mama hana kazi ya mikono. Ndo nikaona kuwa sijawahi kuzungumza nae akiwa amekaa.

"Umekuja kugombana?" akaniuliza.

Nikamwambia nimekuja kusahihisha. Nikatoa simu, nikamsomea tena tanzia yote, polepole. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Haya. Nani huyo?"

## Fashfash

Inabidi nieleze kidogo, baba niliyemjenga mimi kichwani alijengwa na ushahidi. Nilikuwa nao tokea mdogo, nimeukusanya kama polisi.

Ushahidi wa kwanza: kila usiku wa kuamkia Januari 12, fashfash, zile fataki za Mapinduzi, zikianza mjini, sisi tunakimbilia barabarani kutazama mbingu na baba anakwenda nyuma ya nyumba, gizani, peke yake, harudi mpaka kuwe kimya. Na mimi nishasikia kwa wakubwa kuwa kule vitani kulikuwa na mizinga ya roketi ya jeshi letu, Waganda waliibatiza Saba Saba, ikilia tu mtu anatupa bunduki anakimbia. Nikajumlisha. Nikawa namhurumia baba na kujivunia, vyote kwa pamoja.

Nilimueleza mama haya kwa sauti ya mtu mwenye siri.

"Alikuwa anakwenda kwa ng'ombe," akasema.

"Ng'ombe?"

"Ng'ombe, mwanangu. Akisikia kishindo anakata kamba. Mwaka ule wa mwanzo alikata akaingia kwenye mihogo ya watu, tukalipa. Toka hapo kila fashfash babaako yuko bandani, kamshika pembe, anamsomea."

Anamsomea nini? Ayatul Kursiyyu, mama anasema, na miaka mengine anamuimbia tu.

Sikukubali kirahisi. Nikasema pengine basi huyo ng'ombe mwenyewe, si unajua askari wa Amin walipora ng'ombe kwa maelfu kule Kagera, pengine baba alipoona yale mazizi matupu...

Mama aliniangalia kwa huruma kabisa. "Babaake alifuga. Na babu yake. Ulitaka afuge nini, pweza?"

## Nauli

Ushahidi wa pili ulikuwa kutembea. Baba alitembea jamani. Wete na Chake ni kilomita 30 hivi na alikuwa anazikata kwa miguu, anatoka baada ya alfajiri, anarudi magharibi ishaingia, viatu mkononi. Nilipokuwa skuli nilikuwa naona haya, wenzangu wakimpita na gari wananipigia kelele "Kagera kaanza tena!", lakini moyoni nilikuwa na jibu langu. Hawa hawajui. Jeshi lile lilikwenda kwa miguu kutoka mpakani Mutukula mpaka Kampala, zaidi ya kilomita 200 mtu kabeba mzigo mgongoni. Mguu ulioizoea ile safari hauwezi kutulia, nilikuwa najiambia hivyo.

"Alikuwa anabana nauli," mama akasema.

Kimya.

"Nyie mlikuwa sita. Viatu sita, madaftari, chuo cha Kurani nacho kina ada yake. Mwaka wenye karafuu alikuwa anapanda gari kama watu wote, hukuona?"

Sikuona. Wallahi sikuona. Naona ile miaka ya miguu tu, kwa sababu ndo niliyokuwa naihitaji.

## "Baba hakuwa mtu wa kuzungumzia vita"

Hii ni sentensi ya tisa kwenye tanzia, na ndo niliyokuwa naipenda kuliko zote. Nilipoisoma mama alicheka, akajiziba mdomo kwa kanga maana kizuka, mwanamke aliyefiwa na mume yumo edani, hacheki hivyo, halafu akashindwa akacheka tena.

Yule? Yule pale barazani kwenye kahawa alikuwa hanyamazi. Ana kisa cha mpishi wa jeshi aliyetia sukari kwenye maharage badala ya chumvi. Ana kisa cha mwenzake aliyemkamata jogoo akatembea nae wiki nzima, hataki achinjwe, mpaka jogoo akawa anawaamsha alfajiri na kikosi kizima kinamwita Afande. Ana kisa cha buti za saizi moja mguu wa kushoto na nyengine wa kulia. Watu wazima walikuwa wanalia kwa kucheka.

"Mbona sisi hatuambii?"

"Nyie mlikuwa mkimuuliza nini?"

Nikanyamaza, kwa sababu nilikumbuka. Nina miaka kumi, nimekaa nae tunachambua karafuu, yeye anatenga makonyo, nikamuuliza: baba uliua wangapi? Hakukasirika. Akaendelea na makonyo yake. Akaniuliza: "Chuoni leo umekwenda?"

## Vita vya mama

Kuna jengine ambalo sikuwahi kumuuliza mtu yeyote, na si kwa kuogopa, halikunijia tu. Wakati baba yuko huko, mama alikuwa wapi?

Alikuwa hapa hapa. Ndoa ina mwaka na kitu, ana mimba ya dada, nyumba ya makuti. Mchele wa foleni. Redio iko kwa jirani, jioni wanawake wanakwenda kukaa pembeni ya dirisha kusikiliza, na inatajwa miji tu. Masaka imetekwa. Entebbe imetekwa. Watu wanashangilia na yeye anasubiri labda watataja majina. Hawakutaja jina hata moja. Dada kazaliwa Februari, mwezi ule ule wa Masaka, na siku ya Kampala kijiji kizima kimetoka nje kwa vigelegele na yeye amekaa kitandani ananyonyesha anajiuliza kama ananyonyesha yatima.

Barua moja ndo iliyofika. Ipo, imo ndani ya kopo la maziwa ya unga pamoja na vyeti vyetu vya kuzaliwa na kadi za kliniki, na medali iko huko chini kabisa. Nimeishika kwa mikono yangu. Karatasi ya daftari imekatwa kwa kukunjwa, ya Machi 1979, mstari wa kwanza salamu, wa pili salamu, wa tatu: "Paa mshaezeka? Masika hayo yanakuja, usisubiri nirudi, mwambie kaka akate makuti ya kule bondeni ndo mazuri."

Na imejaa hivyo mpaka mwisho. Makuti, deni la kwa Mhindi, kuku. Kuhusu vita kaandika "huku mvua nyingi."

Ilipofika barua paa lishavuja na lishaezekwa.

Halafu wakatangaziwa kufunga mkanda miezi 18 uchumi ukae sawa. "Hiyo miezi 18," mama akasema, "mie bado naihesabu."

## Januari

Mpaka hapo nilishaona kuwa nimeaibika vya kutosha, na nikaanza kwenda upande wa pili kabisa, nikawa najiambia basi vita havikumgusa, alikwenda akarudi, alikuwa mkulima aliyevaa magwanda mwaka mmoja. Ningeondoka na jibu hilo. Lakini mimi mwenyewe najua si kweli, kwa sababu ya siku moja ambayo niliikumbuka wakati naandika tanzia na nikaiacha makusudi.

Jumamosi ya Januari 27, 2001, siku ile ya maandamano ya upinzani askari wakafyatua risasi, nilikuwa kidato cha tatu. Sitaeleza, Mpemba wa rika langu anajua alikuwa wapi, na watu zaidi ya elfu mbili walivuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya. Sisi hatukuvuka. Sisi tulikuwa sakafuni.

Risasi ya kwanza ilipolia baba alikuwa anachonga mpini wa jembe. Hakushtuka. Akalaza panga chini taratibu, akaingia ndani akatulaza ukumbini, vyumbani hataki, ukumbini nyuma ya ule ukuta wa mawe, wakubwa upande wa mlango na wadogo kati, godoro akaliegemeza dirishani. Halafu akawa anasikiliza kwa ajili yetu. "Hii mbali." "Hii imepigwa juu." "Hii hapana, inamisheni vichwa." Sauti ni ile ile ya kutuambia karafuu leo bei gani. Nilikuwa nimesubiri miaka 18 kumuona baba askari, na nilipomuona nilitamani aondoke.

Mchana wakamleta mtoto wa jirani, paja limeingia risasi. Baba akamvua mama kanga begani, akafunga, akatia kijiti, akazungusha. Mkono hautetemeki. Mama wa yule mtoto analia na baba anamwambia yule kijana, "Niangalie mie, usiangalie mguu, niambie jina la babu yako. Na babaake je?" Wakenda hivyo, mababu mpaka mababu, mpaka damu ikasita.

Medali ilikuwa imetundikwa ukumbini karibu na saa. Jioni ile haikuwepo. Ulibaki msumari, na baadae tukatundika kalenda.

Na kule barazani waliokuwa wakimuita Afande kwa utani aliwakatia. "Mie mkulima," anasema. Sasa hapa ndo palipokuwa pakinisumbua miaka yote. Je alikuwa na haya? Alijutia? Unaikanaje vita uliyokwenda kupigana na mtu aliyevamia nchi yako, ambayo hata maadui zako wa siasa wanakwambia ilikuwa ya haki? Na mimi nimekuja kuitundika tena ile medali, mbele ya watu mia tatu, mwenyewe kashaishusha. Nilijua. Niliacha ile siku nje ya tanzia kwa sababu haipigiwi saluti.

Nikamuuliza mama kwa nini aliishusha. Nilitegemea jibu refu.

"Alisema mtoto wa jirani akiingia humu asiione."

Basi. Yule kijana sasa ana watoto wanne na anachechemea, na ndie aliyeingia kaburini kumpokea baba.

## Miguu kumi na miwili

Usiku nikaaga nikalale. Nishafika mlangoni, mama akaniuliza: "Lile la miguu nalo umeliandika?"

"Miguu gani?"

"Miguu yenu."

Hili kila mtoto wa nyumba yetu analijua. Baada ya isha, sisi tushalala, baba anapita na kandili, baadae tochi, anachomeka chandarua. Mkono wake ulikuwa mgumu kama gome, na anapochomeka unakugusa kwenye kidole cha mguu, kila mmoja wetu, kila usiku. Mimi niliweka fungu la mbu na malaria. Ndo kitu laini kuliko vyote nilichonacho cha baba, na kama mtu angeniambia andika baba wa nyumbani, sahau vita, ningeanzia hapo.

"Hio ndo vita," mama akasema.

Alimwambia mara moja tu, mwaka 1980, dada ana homa kali na wamekesha. Alikuwa koplo, ana watu wake kumi. Usiku tochi haiwashwi na jina haliitwi, kwa hio anapita gizani anagusa buti. Moja, mbili, mpaka kumi, ndo analala na yeye. Usiku mmoja wamepigwa na kutawanyika, mahali penye maji na matete na barabara imepita kati, akagusa buti zikafika saba. Akarudi mwanzo. Saba. Akawa anagusa mpaka asubuhi, kama kwamba anakosea kuhesabu.

Mama hajui paitwapo. Mimi nishasoma vya kutosha, naamini ni Lukaya, usiku wa Machi 10, Walibya na askari wa Amin walipowavamia watu wetu kwenye ile barabara ya kinamasini kabla kibao hakijageuka kesho yake. Nilifungua mdomo nimwambie. Nikaufunga. Angefanya nini na hilo jina?

Karudi nyumbani Desemba 1979, dada ana miezi kumi. Kamuona akapiga kelele kijiji kizima kikasikia. Usiku mtoto kalala, baba akafunua shuka, akamgusa mguu, akasema kwa sauti: "Mmoja." Mama alidhani mume karudi kichwa kibovu. Kisha tukawa wawili. Watatu, mimi. Mpaka sita.

Dada alipoolewa, mama anasema, alikaa wiki nzima usingizi hauji.

Na mimi nikahamia Unguja 2004. Wenye kunijua mnakijua hiki kisa maana nilikuwa nakifanyia mzaha: saa tatu usiku simu inalia, baba.

"Upo?"

"Nipo."

"Haya."

Sekunde sita. Miaka 21. Nilikuwa nawaambia watu mzee anabania vocha. Na kuna siku nilikuwa na wenzangu Forodhani, au nimechoka tu, naiona inalia, jina lake limejaa kwenye kioo, naigeuza kifudifudi mezani. Si siku moja wala mbili. Nampigia kesho.

Zile siku alikuwa anarudi mwanzo kuhesabu.

Sikulala. Nilitoka nikakaa bandani na ng'ombe, huyu ni mjukuu wa yule wa fashfash, na hana habari na mtu.

## Daftari

Asubuhi mpwa wangu kakamua, kaleta ndoo, mama akatoa daftari chini ya mto. Nilikuwa nalijua lipo lakini sijawahi kulifungua. Yako 17, ya skuli yale yenye jedwali nyuma, la kwanza ni la 1991 alipoingia ng'ombe. Kila siku mstari mmoja kwa mkono wa baba. Tarehe, lita, na neno.

"Lita 4. Mvua." "Lita 3. Mtoto wa tatu homa." Huyo ni mimi. "Lita 5. Dada kaposwa, watu wazuri." "Lita 4. Mama yao kacheka sana leo." Sikuandikiwa kacheka nini, nikamuuliza mwenyewe, hakumbuki, lakini alilichukua daftari kwangu akaangalia ule mstari muda mrefu.

Nikaitafuta Januari 27, 2001. Ipo. "Lita 2. Jioni hakukamuliwa."

Nikaanza kusema kitu kuhusu tanzia, kwamba naweza kuandika nyengine, nikaitia hii, na ile ya paa, na ya miguu, watu wakaisoma. Mama alikuwa haniskilizi. Alikuwa anatafuta kalamu. Tokea siku ile daftari anaandika mpwa na mwandiko wake mama haupendi, unapanda juu ya mstari.

"Chukua wewe," akasema. "Lita tatu na nusu."

Nikaandika.

"Tarehe umetia?"

Nikatia.

Akasogea dirishani akaangalia juu ya mikarafuu, upande wa bahari kumeshaanza kuwa kweusi.

"Tia na mvua."

"Haijanyesha, mama."

"Tia."